Kibali cha maegesho ni cha mtu, si cha gari wala cha anwani

Tangu Umoja wa Ulaya ulipopitisha, mwezi Oktoba 2024, agizo linaloanzisha Kadi ya Ulemavu ya Ulaya na Kadi ya Maegesho ya Ulaya kwa Watu Wenye Ulemavu, limekuwa likielezwa kana kwamba limemaliza tatizo la msafiri mwenye ulemavu barani humo: kadi moja, sura moja, na haki zilezile kuanzia Lisbon hadi Helsinki. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanalibebesha agizo mzigo ambao halikujitwika. Agizo hilo, namba 2024/2841, linazitaka nchi wanachama ziingize masharti yake katika sheria zao ifikapo Juni 5, 2027, na kuanza kuyatekeleza mwaka mmoja baadaye, Juni 5, 2028. Kinachosawazishwa ni kadi yenyewe pamoja na wajibu wa kuitambua. Idadi ya nafasi za kuegesha, muda wa kukaa, malipo, na vigezo vya nani apewe kadi vimebaki mikononi mwa kila nchi, na mara nyingi vimeshushwa hadi kwa manispaa. Mgeni ameahidiwa kile anachopata mwenyeji mwenye kadi kama yake, basi. Pale ambapo mwenyeji anapata kidogo, mgeni naye atagawiwa kidogo hicho hicho.

Hoja ninayoitetea katika makala hii ni kwamba kadi haijawahi kuwa kiini cha tatizo, na kuibadilisha sura hakutagusa penye tatizo. Vibali vya maegesho vilibuniwa kwa ajili ya mtu, popote alipo na katika gari lolote alilopanda. Katika miaka ya karibuni haki hiyo imekuwa ikihamishwa, bila mjadala wa maana, kutoka kwa mtu kwenda kwenye namba ya usajili ya gari na kwenye anwani ya nyumbani. Uhamisho huo una sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni nzito. Lakini anayeumizwa nao kwanza ni mgeni, na mpango wowote wa vibali unaofanya kazi kwa mkazi peke yake umeshindwa nusu ya kazi yake, kwa kuwa watu huhitaji zaidi nafasi ya kuegesha wanapokwenda mahali wasipokaa.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba wabunifu wa mwanzo walilijua hilo. Uingereza ilitunga sheria yake ya watu wenye maradhi sugu na ulemavu mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kutoa beji ya rangi ya chungwa, ambayo kuanzia 2000 ilibadilishwa kuwa beji ya buluu inayofuata kielelezo kilichopendekezwa na Baraza la Umoja wa Ulaya mwezi Juni 1998. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1988 na kanuni zilizoifuata mwaka 1991, iliweka utaratibu wa kuyafanya majimbo yatambue vibali vya majimbo mengine. Katika mipango hii yote jambo moja halikubadilika: kibali hutolewa kwa jina la mtu, wala si kwa gari. Uamuzi huo haukuwa wa bahati. Wengi wanaostahili kibali hawaendeshi wenyewe; huendeshwa na mwenza, mtoto, jirani au dereva wa teksi, na leo wamo katika gari hili, kesho katika lile. Kukifunga kibali kwenye gari moja kungekuwa sawa na kumwambia mtu huyo kwamba ana haki ya kufika hospitali siku ambazo mwanawe hajaenda kazini.

Kabla ya kuendelea ni vyema kutenganisha mambo ambayo kadi moja imeyabeba kwa pamoja, kwa sababu mabishano mengi kuhusu vibali huzaliwa na kuyachanganya. Kuna haja ya upana, kuna haja ya ukaribu, kuna haja ya muda, na kuna suala la bei. Haja ya upana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi na watu wasioihitaji. Anayetumia kiti cha magurudumu akiendesha mwenyewe, mara nyingi hufungua mlango mpaka mwisho, akavuta fremu ya kiti kutoka siti ya nyuma au ya pembeni, akachomeka gurudumu moja, kisha la pili, akafunga breki, akakisogeza kiti hadi kigusane na kizingiti cha mlango, ndipo akajiinua kwa mikono na kujihamisha. Kazi hiyo yote hufanyika katika ukanda ulio ubavuni mwa gari, ule uliopakwa mistari ya mshazari, ambao kwa viwango vya Marekani vya mwaka 2010 haupaswi kupungua sentimita 152 hivi. Ndiyo maana pikipiki iliyoegeshwa juu ya mistari hiyo, na mwenyewe akajihesabia kwamba hajachukua nafasi ya mtu, inaweza kumfungia dereva nje ya gari lake kwa saa nzima. Kwa gari lenye rampu inayoshuka ubavuni, hata upana huo huwa ni wa kubanana.

Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, kwa upande wake, anaweza kutoka katika nafasi nyembamba kama mtu mwingine yeyote. Asichoweza ni kutembea mita mia mbili hadi mlangoni. Mtoto mwenye usonji anayeweza kukurupuka kuelekea barabarani, au mtu anayechoka ghafla kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, naye anahitaji ukaribu kuliko upana. England ililikubali hilo rasmi Agosti 30, 2019, ilipopanua vigezo vya beji ya buluu ili viwaguse waziwazi watu wenye ulemavu usioonekana. Ujerumani ilichagua njia nyingine: ina kadi ya buluu kwa wenye shida kubwa mno ya kutembea na kwa wasioona, ambayo ndiyo inayoruhusu kutumia nafasi zenye alama ya kiti cha magurudumu, na ina kadi ya rangi ya chungwa kwa makundi mengine, ambayo inatoa nafuu kadhaa za kuegesha lakini si nafasi hizo. Utaratibu wa Kijerumani unawaudhi wengi, na unastahili kukosolewa kwa ukali wa vigezo vyake. Hata hivyo unakiri jambo ambalo mipango mingine inalikwepa, kwamba nafasi pana ni chache na kwamba haja hazifanani. Nchi inayopanua orodha ya wanaostahili bila kuongeza nafasi zilizopo huwa imegawa karatasi tu.

Sasa tuje kwa mkazi na mgeni. Mfano ulio wazi kuliko yote uko London, jiji lililo katika nchi iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kubuni beji hizi. Katikati ya jiji hilo, katika City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden, ruhusa za kawaida za beji ya buluu, kwa mfano ile ya kuegesha kwa muda usiozidi saa tatu kwenye mistari ya njano inayowakataza wengine kuegesha, hazitumiki. Mamlaka hizo nne zina beji zake zenyewe, nyekundu, nyeupe, zambarau na kijani kwa mfuatano huo, ambazo hupewa wakazi wake na, katika baadhi yake, watu wanaofanya kazi au kusoma humo. Mtu aliyetoka Manchester au Cardiff na beji halali ya serikali anajikuta ana haki pungufu pale pale penye mahakama kuu, wizara, hospitali bingwa na kumbi za maonyesho. New York inafanya jambo linalofanana. Kibali kinachotambuliwa kando ya barabara za jiji hilo ni kile kinachotolewa na jiji lenyewe; kile cha jimbo, hata kama ni jimbo la New York lenyewe, kinatumika katika maegesho yaliyo nje ya barabara tu. Asiye mkazi anaweza kuomba kibali cha jiji ikiwa anafanya kazi au anasoma humo. Anayekwenda kumzuru ndugu aliyelazwa hana kundi la kuingia.

Utetezi wa mamlaka hizi si wa kupuuzwa. Katikati ya jiji kubwa kuna mita chache za ukingo wa barabara na kuna watu wengi mno wanaozitaka. Kama beji zote za nchi zingepewa haki sawa hapo, mkazi mwenye ulemavu, ambaye hana mahali pengine pa kurudi jioni, angekuwa wa kwanza kukosa nafasi, na kwake kukosa ni kushindwa kuingia nyumbani. Nakubali kwamba mkazi ana dai ambalo mgeni hana. Ninachokikataa ni hitimisho linalotolewa. Dai la mkazi ni la usiku na la mlango wake. Dai la mgeni ni la muda wa saa mbili tatu mchana, mbele ya jengo la umma. Yanagongana kwa kiasi kidogo kuliko inavyodhaniwa, na pale yanapogongana, dawa ni kuwekea muda nafasi za mbele ya majengo ya umma na kutenga nafasi za usiku mitaani kwa wakazi. Kumfuta mgeni katika mpango mzima ni njia rahisi kwa anayepanga, kwa sababu mgeni hapigi kura pale. Sioni sababu nyingine iliyo wazi kuliko hiyo.

Nchi kadhaa zimeonyesha kwamba nafasi ya mlangoni inaweza kushughulikiwa peke yake bila kuvuruga mpango mzima. Ujerumani na Italia zinaruhusu nafasi ya barabarani itengwe kwa mtu mmoja, ikiwekewa kibao chenye namba ya kibali chake, kwa masharti magumu kiasi. Nchini Italia, kwa mfano, inaangaliwa kama mwombaji hana egesho binafsi linalofikika. Uholanzi nayo inatenga nafasi za aina hiyo, ila kibao chake hubeba namba ya gari. Nchini Uingereza, kinyume chake, egesho la walemavu lililochorwa mbele ya nyumba ya mtu kwa ombi lake kwa kawaida linaweza kutumiwa na yeyote mwenye beji, jambo ambalo huwashangaza waombaji wengi wanapoliona kwa macho yao wiki ya kwanza. Kati ya njia hizi ile ya namba ya kibali ndiyo ninayoiona bora, kwa sababu inamfuata mwenye haki hata akibadili gari au akiletwa na gari la mwingine. Njia ya Uholanzi inaonekana kufanana nayo, lakini ndani yake mna tatizo ambalo sasa limesambaa kila mahali.

Tatizo hilo ni kamera. Kwa miongo mingi ukaguzi wa maegesho ulikuwa kazi ya mtu aliyetembea mtaani, akachungulia kioo cha mbele, akaiona kadi kwenye deshibodi, akapita. Siku hizi miji mingi ya Ulaya inakagua kwa magari yenye kamera yanayopita mtaani yakisoma namba za usajili, au kwa kamera zilizotundikwa kwenye milango ya maeneo yenye vizuizi vya magari, kama yale yaliyomo katika miji mikongwe ya Italia. Kamera haisomi kadi iliyolala kwenye deshibodi. Inasoma namba ya gari, inaiuliza kanzidata, na kanzidata inajibu ndiyo au hapana. Mkazi wa mji huo aliandikisha gari lake zamani na hana habari kwamba kuna lolote lililobadilika. Mgeni aliyekuja na gari la kukodi, ambaye hata namba yake hakuijua mpaka alipokabidhiwa funguo, anaingia akiwa na kadi halali kabisa mbele yake na anatoka akiwa na faini. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kushika usukani maisha yake yote, alipata kusababishiwa faini ya namna hii katika safari ya kifamilia. Barua ilipelekwa kwa kampuni iliyokodisha gari, kampuni ikakata ada yake ya usumbufu, na ilipomfikia aliyekuwa dereva, muda wa kukata rufaa ulikuwa umebakia mdogo. Faini ilifutwa hatimaye. Ada ya kampuni haikurudishwa, kwa kuwa hakuna sheria iliyoilazimisha kuirudisha.

Wanaozitetea kamera wanasema, na wana ushahidi wa kutosha, kwamba kadi ya karatasi ilikuwa ikiibwa, ikighushiwa na kutumiwa baada ya mwenyewe kufariki, na kwamba kila kadi ya udanganyifu inachukua nafasi ya mtu anayeihitaji kweli. Hilo ni kweli, na anayelipuuza hawafanyii hisani watu wenye ulemavu. Kanzidata inaweza kufuta kadi iliyopotea siku hiyo hiyo, jambo ambalo karatasi haiwezi. Lakini lazima tuulize ni udanganyifu wa aina gani unaozuiwa. Mashtaka mengi nchini Uingereza huwa ni ya mtu aliyetumia beji halali ya mwingine, kwa kawaida ndugu, wakati mwenye beji hakuwepo katika safari. Sasa tazama kinachotokea haki ikihamia kwenye namba ya gari: gari la kijana ambaye mama yake ana kibali linaruhusiwa na mtambo kila siku, mama akiwemo au akiwa amelala nyumbani. Udanganyifu ulio wa kawaida kuliko wote unageuka kuwa kitu kisichoonekana kabisa, ilhali mama huyo huyo akipanda teksi kwenda kliniki hana haki yoyote. Mtambo umeilinda kadi dhidi ya mwizi wa mtaani na kumfungulia mlango aliye sebuleni. Hapo hoja ya udanganyifu, ambayo ndiyo nguzo ya utetezi wote, inapungua uzito sana.

Kuna pia suala la faragha ambalo halizungumzwi vya kutosha. Orodha inayoonyesha kwamba gari fulani hubeba mtu mwenye ulemavu, pamoja na saa na mitaa lilikopita, ni taarifa ya afya iliyounganishwa na nyendo za mtu. Kanuni ya jumla ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, inaiweka taarifa ya afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Mgeni anayelazimika kuituma nakala ya kadi yake, pamoja na picha yake, kwa barua pepe kwa kila manispaa atakayoipitia katika safari moja anatawanya taarifa hiyo katika ofisi ambazo hatazifahamu wala kuzifuatilia.

Italia, ambako adha hii ilianza kusikika mapema, imejaribu kutoa jibu kwa kuanzisha jukwaa la taifa linaloziunganisha manispaa, ili kadi iliyotolewa mji mmoja na namba za magari zilizofungamanishwa nayo zitambuliwe na kamera za mji mwingine uliojiunga. Ni hatua nzuri. Hata hivyo inazitumikia kadi zilizotolewa Italia, kwa hiyo imempandisha mgeni wa ndani hadi kiwango cha mkazi na kumwacha mgeni wa nje alipokuwa. London, kwa tozo yake ya msongamano wa magari, inampa mwenye beji msamaha kamili, lakini sharti ajiandikishe na ataje magari yasiyozidi mawili. Magari mawili yanatosha kwa familia yenye magari yake. Hayatoshi kwa mtu anayeishi peke yake na kutegemea yeyote aliye na nafasi siku hiyo, na mtu huyo ndiye hasa aliyelengwa na wabunifu wa mwaka 1971.

Nigusie kwa ufupi suala la bei, kwa sababu linaingizwa katika kila mjadala na kuupotosha. Katika sehemu nyingi kibali huruhusu kuegesha bure na kwa muda usio na kikomo kwenye mita za malipo ya maegesho. California ni mfano unaojulikana. Nafuu hiyo ilitokana na sababu ya kimwili: mtu asiyeweza kuifikia mita au kutia sarafu asiadhibiwe kwa kutolipa. Baadaye ikawa punguzo la bei kwa kila mwenye kibali, na punguzo hilo ndilo linaloipa kadi thamani machoni pa mdanganyifu. Michigan ilizitenganisha haja hizi katika miaka ya 1990 kwa kuwabakishia msamaha wa malipo wale tu ambao hali zao zinawazuia kuitumia mita. Portland, katika jimbo la Oregon, ilifanya mageuzi yanayofuata mantiki hiyo mwaka 2014, na magari yenye vibali katika mitaa ya katikati ya jiji yakapungua kwa kiasi kikubwa, nafasi zikapatikana. Najua kwamba watu wenye ulemavu wengi wana kipato kidogo, na kwamba kuwaondolea punguzo si jambo dogo. Lakini umaskini unatibiwa kwa posho inayomfikia maskini, mwenye gari na asiye na gari. Maegesho ya bure humnufaisha mwenye gari pekee, na humnufaisha zaidi anayeegesha zaidi. Sharti ni kwamba penye malipo, mashine iwe na vitufe vinavyofikika kutoka kwenye kiti, na pawepo njia ya kulipa kwa anayeshindwa kutumia simu.

Kati ya hoja zote zinazotolewa dhidi ya kupanua maegesho haya, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba nafasi za walemavu hukaa tupu, hivyo ni nyingi mno. Anayesema hivyo anazipima nafasi hizo kama anavyopima mazao ya shamba, ilhali kazi yake ni tofauti. Chukua jengo lenye nafasi moja ya aina hiyo, ambayo ina gari nusu ya muda. Mpita njia ataiona tupu mara nyingi na kunung'unika. Kumbe kila mwenye kibali anayefika hapo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuikuta imejaa, na akiikuta imejaa hana nafasi mbadala, kwa sababu nyembamba hazimfai. Nafasi zikiwa mbili, kila moja ikijaa nusu ya muda na bila kutegemeana, uwezekano wa kukosa unashuka hadi robo. Zikiwa nne, ni moja kwa kumi na sita. Ili watu wasizidi mmoja kwa ishirini watakaokosa mahali penye nafasi moja tu, nafasi hiyo lazima ikae wazi kwa asilimia 95 ya muda. Viwango vya Marekani vinataka nafasi moja katika maegesho yenye magari yasiyozidi 25, na mbili kuanzia 26 hadi 50, kwa hiyo sehemu ndogo, ambazo ndizo nyingi, zimo katika hali hii hii ya nafasi moja au mbili. Utupu unaoonekana ndio huduma yenyewe. Mkazi anaweza kujifunza saa ambazo nafasi huwa wazi na kupanga siku yake. Mgeni hana ujuzi huo, na kwake nafasi iliyopo bila gari ndiyo tofauti kati ya safari iliyofanikiwa na safari ya kugeuza gari kurudi.

Haya yote yana maana gani kwa nchi zinazoandika sheria zake sasa, na kwa yeyote anayepanga kuiga mfano wa Ulaya? Kwanza, kanzidata inaweza kujengwa ikimzunguka mtu. Kamera au mkaguzi aulize namba ya kibali, apate jibu la halali au si halali, bila jina, bila aina ya ulemavu, bila kumbukumbu ya mahali. Mwenye kibali naye awe na uwezo wa kukifungamanisha na gari lolote kwa safari husika, hata baada ya kuingia, ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kisheria, kwa sababu abiria wa teksi hajui namba ya teksi kabla haijafika. Mfumo wa aina hiyo unaweza hata kupunguza udanganyifu wa ndugu, maana kila matumizi yatakuwa yameanzishwa na mwenye kibali mwenyewe. Agizo la 2024 linataka kadi ya maegesho itolewe kama kitu cha kushikika, na linaziachia nchi hiari ya kuongeza ya kidijitali. Nchi itakayotumia hiari hiyo bila kubadili kanuni za ukaguzi itakuwa imechapisha kadi ileile kwenye kioo cha simu. Pili, faini iliyotolewa na mtambo kwa mwenye kadi halali inapaswa kufutwa kwa kuonyesha kadi hiyo mara moja, na mzigo wa kufuatilia, pamoja na ada za watu wa kati, usimwangukie aliyekuwa na haki tangu mwanzo. Tatu, maegesho ya binafsi yenye kizuizi na kamera, ya hospitali na ya maduka makubwa, yasiachwe nje ya kanuni hizi, kwa kuwa msafiri hana namna ya kujua mpaka uko wapi kati ya ardhi ya umma na ya kampuni.

Wapo pia wageni ambao agizo la Ulaya halikuwafikiria. Kadi mpya inatolewa kwa watu wanaoishi kihalali katika nchi za Umoja. Anayetoka nje ya Umoja kwa ziara fupi, akiwa na kibali halali cha nchi yake, anabaki akitegemea mapatano ya nchi moja na nyingine au huruma ya mkaguzi. Waingereza wenyewe waliionja hali hiyo walipojitoa, pale hadhi ya beji yao ilipoanza kutofautiana kutoka nchi moja ya Ulaya hadi nyingine. Mkutano wa mawaziri wa uchukuzi wa Ulaya ulikwisha kubaliana mwaka 1997 juu ya kutambuliana beji, na uliwahusisha wasio wanachama wa Umoja, kwa hiyo wazo hili si geni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi katika kifungu cha 9 zihakikishe barabara na usafiri vinafikika, na katika kifungu cha 20 zirahisishe mtu kwenda atakako kwa namna na wakati anaoutaka. Hakuna neno katika vifungu hivyo linalomtaka mtu huyo awe mkazi wa mahali anapokwenda. Alama ya kiti cha magurudumu, iliyobuniwa na mwanafunzi wa Kidenmaki, Susanne Koefoed, mwaka 1968, inasomeka na mkaguzi wa nchi yoyote bila kuhitaji kujua lugha iliyoandikwa chini yake. Nchi ambayo sheria yake haijakamilika inaweza kuongeza kifungu kimoja kinachoitambua kwa ziara fupi kadi yoyote halali iliyotolewa na mamlaka ya umma ya nchi nyingine, na kumpa mwenye nayo mahali pamoja pa kuitaja namba ya gari alilomo, badala ya kumtuma kwa kila manispaa.